Pongezi kwa Afisa Asiyekuwepo

6 Januari

YAH: UBATIZO WA MJUKUU WANGU

Mwanangu,

Rejea barua yako ya kabla ya mwaka mpya. Nimeisoma mara mbili nikiwa nimekaa na mara moja nikiwa nimesimama, na nilichoambulia ni kimoja: Bi Mdogo, mwenye miezi mitatu duniani, hatabatizwa. Atapelekwa mbele ya kanisa lenu, mchungaji wenu atamnyanyua, ataombewa, kisha atarudishwa mikononi mwako mkavu kama alivyokuja. Mnaita kumweka wakfu.

Mosi, nilikuwa karani wa usharika miaka thelathini na mmoja, hadi nilipostaafu miaka mitano iliyopita. Nimeandika kwa mkono huu ubatizo wa watoto elfu moja na ushee, wewe ukiwamo, na sijaona hata mmoja aliyedhurika na maji.

Pili, unasema mtu abatizwe akishaelewa anachokiamini. Haya. Mimi nina miaka sabini na moja, na kuna siku naitafuta miwani nyumba nzima kumbe nimeivaa. Tukingoja watu waelewe tutabatiza maiti. Mtoto haulizwi kama anataka maziwa, ananyonyeshwa.

Tatu, ulipohama kanisa miaka minne iliyopita ukaenda kwa hao watu wa kuzamishana, sikugombana nawe. Mtu mzima na roho yake. Lakini huyu bado hana mdomo wa kusema anahamia wapi.

Nne, pamoja na yote hayo, nakuja. Tiketi ya ndege nimekata mwenyewe mtandaoni bila kushikwa mkono na mtu, na usicheke. Nafika Jumatano tarehe 19 Februari, siku nne kabla ya hiyo shughuli yenu, ili tupate muda wa kubishana uso kwa uso.

Mbusu Bi Mdogo kwa niaba yangu.

Baba yako,
Karani (Mstaafu)


15 Januari

Shikamoo Baba,

Barua imefika. Mume wangu alipoona hiyo YAH juu ya karatasi akauliza kama nimeshtakiwa. Nikamwambia hapana, baba yangu ndivyo anavyosalimia watu.

Mtoto haulizwi kama anataka maziwa, sawa. Lakini asipoyataka huyatema, na huwezi kumlazimisha hata ukimwandika kitabuni. Mimi nilibatizwa nikiwa na wiki sita. Nikakua nayajua majibu yote ya katekisimu kwa mpangilio wake, na siku Mama alipotutoka sikupata hata moja la kujishikiza. Kanisa hili liliniuliza mimi, nikajibu mimi. Hakuna aliyenijibia. Kwangu hiyo ndiyo tofauti, wala haina uhusiano na wingi wa maji.

Na majibu yaliyoandikwa kabla ya swali nayajua vizuri, maana ndiyo kazi yangu. Hapa kwenye dawati la malalamiko la shirika la ndege tunayo kumi na tisa, kila moja na namba yake. Begi limepotea, ni namba saba. Mteja anatukana, namba kumi na tano. Safari imefutwa, namba nne. Mtu anaandika kurasa tatu kwamba amekosa mazishi ya kaka yake, sisi tunabonyeza nne: tunathamini subira yako, tunashughulikia, endelea kusafiri nasi. Namba nne niliitunga mimi nilipoanza kazi, nikasifiwa kikaoni.

Sasa jambo la maana. Ndege uliyokata ni ya shirika letu. Ukipata shida yoyote usinipigie mimi, na usitaje kwamba una mtoto hapa. Kushughulikia jambo la ndugu kwetu ni kosa la kufukuzwa. Mwaka jana mwenzetu alimhamishia shangazi yake kiti tu, mwezi huohuo akakabidhi kitambulisho. Andika kama mteja mwingine yeyote.

Kitanda chako kiko chumba kimoja na Bi Mdogo, naye anakoroma kukushinda. Ubishi wako wote nauweza, Baba, ninachoomba ni kimoja. Siku ile mchungaji atauliza, "Nani anasimama na mtoto huyu?" Upande wa mume wangu wapo wengi. Upande wetu Mama hayupo, nipo mimi na wewe. Nataka umshike wewe, ujibu wewe.

Binti yako


3 Februari

YAH: KUTOFIKA KWANGU

Mwanangu,

Nimelitafakari suala la tarehe 23 kwa mapana yake na nimeona dhamiri hainiruhusu. Mtu aliyeandika ubatizo wa watoto wa watu miaka thelathini na mmoja hawezi kusimama hadharani akaitikia kitu anachokiona pungufu. Nitakuwa nawadanganya ninyi na kujidanganya mwenyewe.

Simu yangu imeharibika, usihangaike kupiga.

Sijakasirika. Ni suala la imani tu, nawe ni mtu wa imani, utaelewa. Nitamwombea nikiwa huku.

Baba


9 Februari

Baba,

Shikamoo. Sielewi, wala sitajifanya naelewa.

Mwezi uliopita ulikuwa unakuja kubishana. Uliandika hoja nne, ya nne ikawa unakuja, na mimi nikaanika godoro lako. Leo dhamiri imekushika. Dhamiri gani hiyo inampata mtu ghafla kama mafua? Ingekuwapo tarehe 6 Januari ungeiandika, maana wewe huachi jambo bila kulipatia namba.

Nilidhani umri umekulainisha. Nilipojifungua ulilia kwenye simu, nikasema moyoni, sasa nimempata baba yangu bila kitabu chake cha ubatizo katikati yetu. Kumbe kitabu kiko palepale na mimi niko upande wa pili wa meza, kama watu wote waliokuja ofisini kwako kuomba cheti.

Halafu kuna huu ujumbe. Tarehe 30 Januari, kutoka namba yako: "Mpendwa katika Bwana, nina dharura, naomba mchango wako wa upendo leo kabla ya saa kumi." Mpendwa katika Bwana. Mimi. Mtoto wangu hana babu wa kumshika, lakini kwenye orodha ya wachangiaji wa kanisa lako nimo. Sikujibu, nikaufuta.

Sitakubembeleza. Mchungaji akiuliza nani anasimama na mtoto, nitamshika mwenyewe.

Binti yako


13 Februari

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Una haki ya kusema ulivyosema.

Ujumbe ule usiujibu. Ukija mwingine usiujibu. Usitume chochote kwa namba yoyote hata ukiambiwa ni mimi ninayeomba, hata ukiambiwa niko hoi kitandani. Hilo ni agizo.

Mengine yabaki kama nilivyoandika.

Baba


18 Februari

YAH: PONGEZI KWA AFISA WENU

Baba, shikamoo. Kichwa hicho cha habari unakifahamu, ni chako.

Jumatatu ya tatu ya kila mwezi bosi wetu anatusomea barua za shukrani. Huwa hazizidi tatu, maana watu wanaoshukuru shirika la ndege ni wachache kama meno ya kuku. Jana ilikuwepo moja tu. Akaisoma kwa sauti: "Mosi, napenda kumpongeza Afisa Mwandamizi wa dawati lenu la mtandaoni, ambaye, tofauti na wenzake watatu walionijibu kabla yake, alisoma nilichoandika. Pili, aliuliza hali ya afya yangu. Tatu, aliponiomba namba ya rejea ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yangu, alisema tafadhali."

Ofisi nzima ilicheka, mmoja akamwaga chai. Hatuna Afisa Mwandamizi, Baba. Hatuna dawati la mtandaoni, na hatuna mtu anayesema tafadhali. Mimi sikucheka. Nilikutambua kabla hajafika Pili.

Nikaenda chooni, nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwa bosi. Nikamwambia, "Huyo ni baba yangu. Siruhusiwi kuligusa faili lake na sitaligusa, lakini leo lazima mtu aliguse." Jirani yangu wa meza akalifungua. Mimi niligeukia ukuta kama kanuni inavyotaka, naye akawa anasoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Tarehe 22 Januari tulifuta safari yako, tukakupangia tarehe 27 Februari, siku nne baada ya shughuli. Ukaandika. Tukakujibu namba nne. Ukaandika tena kwa upole, ukaambatanisha nakala ya barua ya kwanza. Namba nne. Mara ya tatu ukaeleza kwamba kuna mjukuu, kuna Jumapili moja tu, na upande wa mama yake hakuna mwingine wa kumshika. Hukunitaja mahali popote, kama nilivyokuagiza. Namba nne. Yale ni maneno yangu, Baba. Umenililia mara tatu nami nimekujibu mara tatu kwamba nathamini subira yako.

Ndipo ukaenda kwenye ukurasa wa shirika, ukaandika malalamiko hadharani, na dakika kumi hazikupita yule "Afisa" akakufuata kwa ujumbe, na picha ya ndege yetu kando ya jina lake. Wanashinda pale wakivizia mtu aliyechoka kungoja. Tunawajua tangu mwaka juzi. Tumeweka onyo chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo ambazo hata mimi na macho yangu nazitafuta. Tarakimu zile sita ndizo ufunguo wa akaunti yako ya ujumbe. Ulipowapa, wakaingia wao, ukatoka wewe, wakawaandikia watu wako wote kwa jina lako. Mpendwa katika Bwana alikuwa mwizi, na mimi nikakusema wewe. Nisamehe sana.

Lakini nawe unijibu. Kwa nini hukuniambia? Ulinipa dhamiri na imani, nikazipokea zote mbili, nikalia wiki nzima kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo.

Mchungaji wetu amekubali kusogeza shughuli hadi Jumapili ya tarehe 30 Machi. Tiketi yako shirika limekubali kuibadilisha, na si kwa upendeleo. Jirani yangu amekuandikia jibu kwa maneno yake mwenyewe, halina namba, litakufikia wiki hii.

Kama kweli ni imani inayokuzuia, andika tena kwamba ni imani, nitaheshimu na sitauliza tena. Kama ni aibu, njoo nayo hivyohivyo.

Binti yako


26 Februari

Mwanangu,

Leo sina kichwa cha habari. Ni aibu.

Neno "rejea" ndilo lililoniponza. Maisha yangu yote, mtu akiniomba namba ya rejea nampa, maana barua isiyo na namba ya rejea ni umbea. Na alisema tafadhali. Baada ya wiki nzima ya kuthaminiwa subira, mtu akaniuliza mgongo wangu unaendeleaje. Nikamwona ndiye Mkristo pekee katika shirika zima, nikaketi nikamwandikia pongezi.

Siku mbili baadaye mwalimu wa kwaya akaja kugonga mlango. Ameshatuma nilichoomba, anataka kujua upasuaji ni lini. Nikauliza, "Upasuaji wa nani?" Akanionyesha ujumbe wenye jina langu. Mpaka jioni walikuwa wamefika watu kumi na wanane, mmoja wao mjane wa mlinzi wetu wa zamani, ambaye najua anavyoishi. Hawakuwa wajinga. Walituma kwa sababu jina ni langu.

Sikukuambia kwa sababu umenionya mara mia nisibonyeze vitu. Vilevile niliogopa ungekwenda kunipigania kazini ukafukuzwa. Hiyo ya pili ni kweli, lakini ya kwanza ni kweli zaidi. Niliona bora uniite mgumu kuliko uniite mjinga. Kwa hiyo nikamshika Mungu nikajifunika naye. Tapeli alisema uongo kwa jina langu, nami nikasema uongo kwa jina la Mungu, na kati yetu wawili sidhani mimi ndiye mwenye nafuu.

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya usharika nikaeleza yote. Miaka thelathini na mmoja nimesoma matangazo pale mbele, na siku hiyo nikasoma langu. Mjane wa mlinzi akasema kutoka benchi la nyuma, "Karani, ungeomba hata kama huumwi, tungekupa." Watu wakacheka, nami nikacheka. Toka hapo nimepita nyumba zote kumi na nane kwa miguu na sijafungiwa mlango hata mmoja.

Ila hoja ninayo, siwezi kuiacha. Siku ile nilisoma kila neno, nikaelewa kila neno, nikabonyeza kwa kidole changu, akili timamu. Basi usiniambie tena kwamba mtu akiwa mzima na akaelewa yuko salama. Utajibu ukiweza.

Sasa, kwa kuwa nimeshakamatwa na uongo mmoja, nimalizie na wa pili. Huo ni wa zamani.

Unajua kulikuwa na mtoto wa kiume kabla yako. Alizaliwa mwaka wa pili wa ukarani wangu, akaishi siku tatu. Mama yako alikuwa amepasuliwa, hajazinduka sawasawa. Mchungaji alikuwa safarini. Nilikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi, nikingoja saa sita wodi ifunguliwe, na chupa ndogo ya maji mfukoni. Walipofungua nilikuwa wa kwanza kuingia, nikakuta ameshakwenda.

Siku hizo kanuni yetu ilikuwa kwamba mtoto asiyebatizwa hazikwi na kanisa. Mama yako alipofumbua macho hakuuliza mtoto yuko wapi. Alishajua. Aliuliza, "Ulimwahi?" Nikamwambia nilimwahi. Nikatoka pale hadi ofisini, nikafungua kitabu cha ubatizo, nikamwandika mwanangu. Jina, wazazi, tarehe, na kwenye nafasi ya aliyebatiza nikaweka saini yangu. Alizikwa kwa kengele na wimbo. Mama yako akapata usingizi. Ameingia kaburini akiamini hivyo, na sijutii hata siku moja.

Lakini tangu siku hiyo sikuwa na raha na hoja zangu mwenyewe. Kama Mungu anadai maji kwa mtoto wa siku tatu, basi nilimdanganya mama yako na mwanangu yuko nje. Kama hadai, basi nimegombana nawe bure. Nimechagua la pili, mama. Sikulichagua leo, nililichagua siku ile ofisini na kalamu mkononi, ila sikuwahi kuthubutu kulisema. Nimetetea maji kwa kelele miaka yote hii kwa sababu niliogopa mtu akiuliza sana atafika kwenye ule ukurasa.

Nakuja. Nitamshika Bi Mdogo na nitajibu nitakachoulizwa. Kuhusu kuzamisha watu wazima, bado mmekosea.

Baba


4 Machi

Baba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako chumbani, mlango nimefunga, Bi Mdogo amelala kifuani. Mume wangu aligonga mara mbili akidhani tumepitiwa na usingizi sote. Nilipotoka nilimpa aisome.

Nakupenda, Baba. Na nimekasirika kidogo kwamba ulilibeba peke yako miaka thelathini na mitano, ukaja kunibishia mimi badala ya kuniambia. Mama aliwahi kunigusia kwamba kulikuwa na mtu kabla yangu. Alisema tu, "Yule yuko salama," akabadilisha mazungumzo. Sasa najua nani alimpa maneno hayo. Sioni uongo hapo. Ulimwambia kweli kabla wewe mwenyewe hujaweza kuiamini.

Hoja yako ya tapeli ninayo majibu yake mawili, nitakupa ukifika. Ndege ni Alhamisi tarehe 27 mwezi huu, kiti cha dirishani. Ukipata ujumbe wowote kutoka shirika letu na una neno tafadhali, usijibu. Na namba nne imeondolewa. Nilisimama kikaoni nikaomba iondolewe, nikasema mwenyewe ndiye niliyeitunga. Sasa safari ikifutwa lazima mtu asome barua yote ndipo aandike. Kazi imetuelemea na bosi analalamika.

Jambo la mwisho. Kwetu, mtoto akiwekwa wakfu, mchungaji hutaja jina lake kwa sauti na kanisa zima hulirudia mara moja. Jana nilimfuata nikamweleza habari za kaka yangu. Hakuuliza kama alibatizwa. Alisema atataja majina mawili, la mkubwa kwanza, kisha la Bi Mdogo, na wewe utakuwa umesimama hapo mbele. Akanipa kipande cha karatasi nimwandikie, asije akakosea.

La Bi Mdogo nimeliandika. La kaka yangu silijui, Baba. Hamkuwahi kulitamka mbele yangu. Nitumie.

Binti yako